Hewa ya Mitumba

Mwaka wa thelathini na moja huu nasimama kona ya kwanza,
bendera ya njano mkononi, filimbi shingoni,
mkate wenye soseji ndani ya mfuko wa koti.
Mugello, mwisho wa Mei. Vilima vimejaa mahema
na walevi wanaongurumisha injini zisizo na pikipiki
tangu saa nane za usiku.

Zamani niliwasikia kabla sijawaona:
watano, sita, wakishuka bega kwa bega,
Galvagni akikamata breki kwa imani tu,
Kuramoto akijipenyeza pasipomtosha paka,
viwiko vikigongana, magoti yakisugua lami,
na wa nne kuingia ndiye wa kwanza kutoka.
Sikuhesabu. Nani angehesabu?
Filimbi yangu ya miaka ile ina alama za meno.

Siku hizi wanakuja na mabawa.
Mabawa puani, mabawa mbavuni, mabawa mkiani,
na hakuna anayeruka.
Pikipiki inachuchumaa kama kuku anayetaka kutaga,
kompyuta inapima kila tone la petroli,
inalituliza gurudumu la nyuma, polepole, usiteleze,
inamsamehe kijana kosa kabla hajalitenda.

Saa ya ubaoni inashangilia:
ishirini na mmoja ndani ya sekunde moja!
Hawajawahi kukaribiana hivi, anapasua koo mtangazaji.
Kweli. Ulimi na mate.
Lakini tangu lini ulimi ukayapita mate?

Jana nilimwokota Maes kwenye kokoto,
mtoto wa Kibelgiji, miaka ishirini na miwili,
mchanga umemjaa hadi kwenye nyusi.
Alikaa juu ya rundo la matairi akaniambia:
"Aliye mbele anaivaa hewa mpya,
mimi ananiachia iliyochanika.
Bawa langu halipati cha kushika.
Gurudumu la mbele linachemka, linavimba,
usukani unakuwa mzito kama mlango wa kanisa.
Nikisogea naungua.
Nikikaa mbali, wananisifu kwa busara."
Akatema mchanga. Nikampa nusu ya mkate.

Leo Ferrús mbele, Maes nyuma.
Nukta tatu. Nukta tatu.
Nukta tatu, kama bomba linalovuja jikoni.
Mzunguko wa kumi na tisa Maes akachoka na busara:
akaingia ndani, akamgusa,
kitu cheusi kikapaa, kikaja kulala penye buti langu.
Alimaliza wa saba.
Ndiye pekee niliyempungia.

Sisemi zamani ilikuwa peponi.
Galvagni hapandi ngazi bila mkono wa mkewe.
Kuramoto nilimfunika shuka mimi mwenyewe,
hatua kumi kutoka hapa niliposimama,
na kompyuta hii ninayoinung'unikia
huenda ingemrudisha kwao.
Nalijua hilo. Nalijua kila Mei.
Bado nautaka ule upenyo usiomtosha paka,
na sijui nimwombe nani msamaha.

Kile kipande nilikificha ndani ya koti.
Duilio wangu, fundi visu wa Scarperia,
alijaribu kukichonga kiwe mpini.
Kikamkatalia, kikamwagia vumbi jeusi mezani.
"Chepesi kama ganda la kitunguu," akasema,
"na hakina harufu ya chochote."

Jioni mjukuu wetu Nevio akakitoa dirishani
tukishuka na Panda kuelekea Borgo.
"Bibi! Kinanivuta mkono chini!"
Akakigeuza, mkono ukapaa, akacheka,
akakigeuza tena.
Nyuma yetu ikatokea skuta,
ya kijivu, taa moja imekufa,
mama mmoja na kapu la mboga kati ya miguu.
Akaunusa moshi wetu kidogo,
akachungulia kushoto,
akachungulia kulia, penye upenyo wa kuchekesha,
akapita.

Nikapuliza filimbi.